Jina kwanza, seva baadaye: kisa cha tovuti ya walimu wa Kiswahili mashariki mwa Uganda

Majina ya watu, shule, wilaya na tovuti yenyewe yameondolewa. Kampuni mbili zilizohifadhi tovuti hii baada ya kuhama Blogger hazitajwi pia. Mimi nilihusika kama mshauri wa walimu wenyewe, na ninakiandika kisa hiki kwa ruhusa yao, kwa ajili ya wengine wanaokaribia njiapanda hiyohiyo: kubaki kwenye jukwaa la bure kama Blogger, au kuhamia seva ya kulipia, yaani kompyuta ya kuhifadhi tovuti yako mwenyewe.

Usuli

Shule zilipofungwa Machi 2020, walimu watatu wa Kiswahili wa sekondari mashariki mwa Uganda walibaki na tatizo zito kuliko la wenzao wa masomo mengine. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulikuwa umeanza mwezi mmoja tu uliopita, na humo Kiswahili kilifanywa somo la lazima kwa kidato cha kwanza na cha pili. Vitabu vilikuwa haba, walimu haba zaidi, na wanafunzi walikuwa wametawanyika vijijini kabla hata ya kuzijua ngeli.

Walitaka mahali pa kuweka masomo mafupi ambayo mzazi angeyafungua kwa simu. WhatsApp na Facebook zilikuwa na kikwazo kinachosahauliwa leo: tangu Julai 2018 kulikuwa na kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayefungua mitandao ya kijamii, juu ya bei ya bando. Tovuti ya kawaida haikuguswa na kodi hiyo. Kwa hiyo wakachagua blogu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na pesa ya ziada wala utaalamu, wakachagua Blogger, ambayo ni bure na inaendeshwa na Google. Mpwa wa mwalimu kiongozi, wakati huo mwanafunzi wa chuo Kampala aliyekwama nyumbani, aliifungua jioni moja kwa barua pepe yake mwenyewe na namba yake mwenyewe ya simu.

Shule zilifunguliwa Januari 2022, na wengi walidhani blogu ingekufa. Ikawa kinyume. Julai mwaka huo Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Kikatiba kilikuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini safari hii walimu wakuu walianza kupanga ratiba. Walimu waliopewa vipindi vya Kiswahili bila kuwa wamekisomea walianza kutafuta maandalio ya somo, mazoezi ya ufahamu, mifano ya insha. Viungo vya blogu hii vikawa vinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu hadi Arua na Kabale. Kufikia mapema 2023 kulikuwa na makala mia mbili na ushee, pamoja na mafaili ya PDF yaliyokaa kwenye Google Drive ya yule kijana.

Kilichotokea

Mei 2023 Google ilitangaza kwamba kuanzia Desemba ya mwaka huo ingeanza kufuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kutumiwa, pamoja na yaliyomo kwenye Drive na Gmail. Mwalimu kiongozi aliisoma habari hiyo kwenye simu akiwa chumba cha walimu, na swali likamjia: akaunti yetu ni ya nani?

Mpwa wake alikuwa amekwenda Ghuba kufanya kazi na alikuwa akitumia akaunti nyingine huko. Walimu walikuwa wakiandika kama waandishi wa kawaida tu, bila mamlaka ya usimamizi. Mpwa alipojaribu kuingia kwenye akaunti ya zamani akiwa ughaibuni, mfumo ulitaka kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ya Uganda. Jibu lake kwa sauti ya WhatsApp lilikuwa fupi: “Shangazi, ile laini sikuiongezea salio toka niondoke. Nadhani kampuni imeshampa mtu mwingine.”

Kilichowaokoa ni kompyuta ya zamani ya kijana huyo, iliyokuwa nyumbani kwao na bado imeingia kwenye akaunti. Siku hiyohiyo walimu wawili waliongezwa kama wasimamizi wa blogu, makala zote zikapakuliwa kama faili moja la XML, na PDF zikahamishiwa akaunti iliyofunguliwa kwa jina la umoja wao. Picha zilibaki, kwa sababu picha zinazopandishwa kwenye Blogger hukaa chini ya akaunti ya aliyezipandisha. Walizipakua moja moja, kazi ya kuchosha, wakaziweka upya.

Hapo ndipo nilipoitwa. Walikuja na swali moja: tuhamie seva yetu wenyewe sasa hivi, au la?

Uamuzi wa kwanza: kununua jina, kubaki palepale

Nilishauri wasihame, na waliafiki baada ya mjadala mrefu. Tovuti iliyo kwenye anwani ya blogspot ni kama kibanja juu ya ardhi ya mailo hapa Uganda, yenye mmiliki wake mwingine: unalima, unajenga, majirani wote wanakujua, lakini hati iko kabatini kwa mtu mwingine. Hatari iliyokuwa imewatisha ilihusu hati, yaani nani anashikilia akaunti na anwani. Seva haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo walisajili kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, cha .ug kwa jina la umoja wao. Kilikuwa ghali kuliko .com, ila kililipika kwa shilingi kupitia pesa za simu, na hakuna kati yao aliyekuwa na kadi ya kulipia kwa dola. Tulihakikisha mambo mawili. Barua pepe ya usajili iwe ya umoja, na wanachama wawili wawe na nenosiri lake. Tena, kikoa kisajiliwe kwa kampuni ambayo haitauza huduma ya kuhifadhi tovuti hii baadaye, ili siku ya ugomvi na mwenye seva jina lisiwe rehani mkononi mwake. Sharti hili la pili walimu waliliona ni wasiwasi wa bure. Tutalirudia.

Blogger inaruhusu kutumia kikoa chako bila malipo. Ukishaweka rekodi za DNS, yaani zinazoonyesha jina linaelekea seva ipi, anwani ya zamani humpeleka msomaji kwenye jina jipya yenyewe, kwa uelekezaji wa kudumu unaoeleweka na mitambo ya utafutaji. Viungo vyote vilivyokuwa vikizunguka kwenye WhatsApp viliendelea kufanya kazi. Walikaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja, na msomaji hakuhisi tofauti.

Uamuzi wa pili: kuhamia seva ya kulipia

Oktoba na Novemba 2024 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walifanya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Miezi ya kabla ya hapo ndiyo iliyobadilisha hesabu. Shule zilianza kuomba mitihani ya majaribio iliyotungwa kwa mtindo mpya, na zilikuwa tayari kulipia. Walimu walituma PDF moja moja kwa WhatsApp baada ya kupokea malipo ya MTN au Airtel, na baada ya muda mfupi mitihani hiyo ilikuwa imeshasambaa bure kila mahali. Walitaka shule iwe na akaunti yake, ilipe, ipakue, na kumbukumbu ibaki.

Blogger haina uwezo huo. Haina hifadhidata unayoweza kuigusa, haina wanachama wenye ngazi tofauti, wala huwezi kuiunganisha na mfumo wa kupokea pesa za simu kwa upande wa seva. Walikuwa na njia mbili: WordPress inayohifadhiwa na mtoa huduma kwa kifurushi cha juu cha malipo ya dola, au programu ileile ya WordPress, ambayo ni huria, waisakinishe wenyewe kwenye seva ya kugawana, inayotumiwa na tovuti nyingi pamoja, ya kampuni ya hapa nchini kwa shilingi.

Walichagua ya pili, kwa sababu ya bei na urahisi wa kulipa. Palikuwa na sababu nyingine mbili zilizosemwa kwa nguvu mkutanoni. Mwalimu mmoja alisema seva iliyo Kampala ingekuwa ya haraka zaidi kwa kuwa mawasiliano yangepita kwenye kituo cha kubadilishana data cha UIXP bila kwenda Mombasa na kuvuka bahari. Mwingine alisema tovuti ikiwa nyumbani haitazimika intaneti ikizimwa, kama ilivyozimwa nchi nzima Januari 2021 wakati wa uchaguzi.

Sababu ya kasi ina ukweli, hasa kila mtu akikumbuka Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na Afrika Mashariki nzima ikasota. Lakini Google nayo ina hifadhi zake karibu na watumiaji, kwa hiyo faida kwa siku za kawaida ni ndogo. Sababu ya kuzimwa haina nguvu kabisa. Mwaka 2021 kilichokatwa ni njia ya mtumiaji kufika popote, na seva iliyo Kampala isingefikiwa na simu ya Mbale hata kidogo. Niliyasema hayo, yakaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, na uamuzi ukabaki kwa sababu ya bei na mahitaji ya akaunti. Hiyo ilitosha.

Kuhusu sheria, umoja ulifuatilia idhini ya Tume ya Mawasiliano inayotakiwa kwa wachapishaji wa mtandaoni. Jambo zito zaidi lilikuwa Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Mara tu unapokuwa na hifadhidata yako yenye majina na namba za simu, wewe ndiwe mwenye jukumu la data hiyo, na taarifa za watoto zina masharti ya ziada ya ridhaa ya mzazi. Waliamua kukusanya taarifa za shule na mwalimu mmoja mhusika tu. Hakuna jina la mwanafunzi lililoingia. Nauona uamuzi huu kuwa bora kuliko yote waliyofanya mwaka ule.

Uhamaji wenyewe

Fundi kijana aliifanya kazi wakati wa likizo ya Desemba. Makala za Blogger huwa na anwani yenye mwaka, mwezi na jina linaloishia na .html. WordPress inaweza kuwekwa ifuate mpangilio huohuo, na aliuweka. Lakini Blogger hukata jina la makala likiwa refu, na WordPress huliunda upya kutoka kwenye kichwa chote, kwa hiyo makala nyingi zilipata anwani isiyofanana na ya zamani. Bahati nzuri kifaa cha kuingizia makala huhifadhi anwani ya Blogger ndani ya hifadhidata, na fundi akazilinganisha na kusahihisha.

Lililomshtua lilitokea siku ya kwanza ya kufungua. Kwenye kompyuta kila kitu kilikuwa sawa, huku walimu wakituma picha za skrini zenye ujumbe kwamba ukurasa haupo. Blogger humwongezea msomaji wa simu alama ya ?m=1 mwishoni mwa anwani. Karibu viungo vyote vilivyonakiliwa kwenye WhatsApp kwa miaka minne vilikuwa na alama hiyo. Kwa WordPress herufi hiyo m ina maana yake: ni kigezo cha tarehe. Ikiona m=1 inatafuta makala ya mwaka wa 1, na haipo. Mistari michache ya kuiondoa alama hiyo kwenye .htaccess, faili la maagizo ya seva, ilimaliza tatizo, lakini yeyote anayetoka Blogger aandike jambo hili kwenye ukurasa wa kwanza wa mpango wake. Hapa kwetu wasomaji ni wa simu, na viungo vinaishi WhatsApp.

Mambo mawili yaliyoharibika

La kwanza lilikuja Februari 2025, shule zilipofunguliwa. Walimu wa kidato cha kwanza nchi nzima walitafuta maandalio ndani ya juma lilelile, na seva ya kugawana ikaanza kutoa kosa la 508, yaani umefikia kikomo cha uwezo uliotengewa. Blogger ilikuwa imebeba misimu kama hiyo miaka mitatu mfululizo na hakuna aliyewahi kujua kuna kikomo. Fundi aliweka plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kache ili kurasa zisitengenezwe upya kwa kila msomaji, na PDF za bure zikarudishwa Drive. Mzigo ukashuka.

La pili lilikuwa kubwa. Katikati ya mwaka, mwalimu mmoja alitafuta “vitenzi visaidizi” kwenye Google akakuta chini ya jina la tovuti yao onyo kwamba huenda imedukuliwa. Ndani kulikuwa na mamia ya kurasa za kamari kwa lugha za kigeni, zisizoonekana kwa anayeingia kawaida. Mlango ulikuwa plagini ya fomu ambayo haikuwa imesasishwa tangu Desemba. Fundi alikuwa amelipwa kwa kazi ya kuhamisha; akaimaliza akaendelea na maisha yake. Katika karatasi zote za mpango hapakuwa na jina la mtu wa kuingia kila wiki na kusasisha.

Nakala za akiba zilikuwepo, lakini zilikaa kwenye akaunti ileile ya seva, na zilizobaki zilikuwa zimeambukizwa pia. Walipoomba msaada, kampuni ilijibu kwamba kwa kifurushi chao usalama wa programu ni juu ya mteja, na mkataba ulisema hivyo kweli.

Walijenga upya kutokana na vitu vitatu: faili la XML la Desemba lililokuwa kwenye flashi ya mwalimu kiongozi, blogu ya zamani iliyofungwa kwa umma bila kufutwa, na hati za Word za makala mpya ambazo kila mwandishi alikuwa nazo. Maoni ya wasomaji ya miezi sita yalipotea. Orodha ya shule zilizolipa iliokolewa kwa kusoma ujumbe wa malipo kwenye simu ya mweka hazina.

Matokeo

Tovuti ilihamia kampuni nyingine inayotoa huduma ya kusimamia WordPress: wao husasisha programu, huchukua nakala kila siku na kuzihifadhi mahali tofauti. Bei ni mara kadhaa ya ile ya kwanza na hulipwa kwa kadi ya benki ya umoja. Ada za shule zinaigharimia na kubakiza kidogo.

Na hapa ndipo sharti la jina lilipoonekana. Kikoa hakikuwa mkononi mwa kampuni waliyoiacha, kwa hiyo hawakuhitaji ruhusa, barua wala kusubiri. Walipunguza muda ambao rekodi za DNS hukumbukwa siku chache kabla, wakabadilisha rekodi jioni, na asubuhi wasomaji walikuwa kwenye seva mpya kwa anwani ileile. Onyo la Google liliondoka baada ya kuomba ukaguzi upya.

Uchambuzi

Watu husema tovuti ikikua lazima ihamie seva yake. Kisa hiki kinaonyesha kwamba kukua kuna sura mbili zinazovuta pande tofauti. Kukua kwa wasomaji ni hoja ya kubaki kwa mwenye jukwaa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mitambo ya kubeba umati. Kilichoanguka Februari ni seva yao, si Blogger. Kukua kwa kazi ambazo tovuti inatakiwa kufanya, kama kupokea malipo, kutenganisha shule na shule na kuweka kumbukumbu, ndiko kunakohitaji seva. Kama shule zisingeomba mitihani, ningewashauri wabaki Blogger hadi leo, na ningelala usingizi.

Majukwaa nayo hufungwa: Posterous ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na ikazimwa Aprili 2013, na waliokuwa na anwani zake wakatawanyika. Mwenye kikoa chake alihamisha makala na wasomaji wakamfuata. Kwa hiyo ule mwaka wa kukaa Blogger kwa jina lao haukuwa wa kupoteza muda. Uliwapa nafasi ya kujifunza kutunza jina kabla ya kubebeshwa seva.

Kilichoshindwa zaidi ni hesabu ya gharama. Walilinganisha bei ya seva na bei ya kifurushi cha dola, na safu ya saa za mtu ikaachwa tupu. Lau wangeandika hapo hata malipo ya saa mbili za fundi kwa wiki, ile seva rahisi isingeonekana rahisi. Walimu walioshika vipindi siku nzima na kusahihisha madaftari usiku hawawezi kuwa walinzi wa seva, na hakuna aibu katika hilo. Huduma ya kusimamiwa, ambayo ni ya kati kati ya Blogger na seva tupu, ndiyo ilistahili kufikiriwa Desemba.

Nakala ya akiba iliyo ndani ya seva ileile haikusaidia hata siku moja. Iliyosaidia ilikuwa kwenye flashi.

Sasa wanajadili kuongeza rekodi za sauti kwa mazoezi ya kusikiliza. Rekodi hizo zitawekwa kwenye huduma ya nje iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na kuunganishwa tu kwenye makala, kwa kuwa zitavuta wasomaji wengi na hazihitaji akaunti wala malipo. Mitihani ya majaribio itabaki kwenye seva. Jina la atakayekagua masasisho kila Jumatatu limeshaandikwa, pamoja na la atakayemshikia zamu akiumwa.